Mfalme wa Denmark na Mtamba wa Busunzu

Mimi nilizaliwa ndani ya muungano wa nchi tatu, na nasema hivyo kifua mbele, hata kama nchi zenyewe zilikuwa boma la Kitahana na boma la Busunzu, yote upande wa Kibondo, na boma la kule Kasulu, jirani na ilipokuwa kambi ya wakimbizi ya Mtabila. Mtawala alikuwa baba yangu. Alikuwa na wake watatu, mmoja katika kila boma, na mama yangu wa Kitahana ndiye wa kwanza. Padri alimnyima komunyo tangu alipooa wa pili. Baba hakununa. Aliendelea kukaa benchi la mbele kila Jumapili, shingo juu, na wakati wa komunyo alibaki amekaa peke yake bila kuona haya.

Ninafundisha historia katika sekondari moja ya Kasulu. Ofisini kwetu kulikuwa na mwalimu wa jiografia, mtu wa Tanga, aliyeletwa huku na serikali akiwa kijana, akailalamikia baridi yetu mpaka akaizoea. Ni Mwislamu wa swala tano, mcheshi, na ana ugonjwa mmoja: akisoma kitu kwenye simu yake, lazima atugombanishe nacho wakati wa chai. Tulikuwa tunakula mihogo ya kuchemsha huku tukigombana, na wenzetu walikwisha kutuzoea kama walivyozoea kelele za mvua kwenye bati.

Siku moja alikuja na mfalme. Karibu miaka elfu moja iliyopita, alisema, kijana wa ukoo wa kifalme wa Denmark alivuka bahari na jeshi akaitwaa Uingereza. Kisha akairithi Denmark. Kisha akaipata Norway. Nchi tatu, bahari katikati, mtu mmoja. Waingereza aliwaachia sheria zao za zamani. Alimwoa mjane wa mfalme wao wa zamani, huku mke wake wa kwanza akiwa bado yu hai. Akafa kabla hajazeeka, Norway ikiwa imeshamponyoka, na wanawe wa mama tofauti wakakamata huyu Denmark, yule Uingereza. Baada ya miaka michache ule muungano haukuwepo tena.

"Haya, mwalimu wa historia," akasema. "Ungeweza kudumu au usingeweza?"

Nikasema ungeweza. Sikufikiri sana, kwa kweli. Nilisema hivyo kwa sababu uso wake ulishaonyesha kwamba yeye anasema hapana.

"Kwa lipi?" akauliza.

Nikampa sababu. Mfalme yule alikuwa na merikebu, na kwao bahari haikuwa ukuta, ilikuwa barabara. Alikuwa na kanisa upande wake. Hakuwalazimisha watu wote wafuate sheria moja. Na wanawe walikufa vijana bila watoto, mmoja wao akianguka harusini na kikombe mkononi. Wangeishi, mambo yangekuwa mengine.

"Kwa hiyo ungedumu kama watu wasingekufa," akasema. "Mwalimu, hata mimi nitadumu nisipokufa."

Ofisi nzima ilicheka, na mimi nikacheka, ila nilikuwa nachemka ndani. Ndipo akaongeza lile lililonikata maini. Alisema muungano ule uliuawa na kitu kimoja tu: mama wawili. Watoto wa baba mmoja na mama tofauti, alisema, hukaa pamoja kwa sababu ya macho ya baba. Macho yakifumba, kila mtu hushika njia ya kwa mama yake. Hakusema kwa ubaya, wala hakuwa anajua habari za kwetu. Lakini mimi niliweka kikombe chini, nikamwambia kwamba anaongea na mtoto wa mama watatu, na boma letu limesimama tangu sijazaliwa, na kama anataka kujua linavyosimama, aulize.

Akauliza. Ni muungwana, hilo simnyimi.

Nikamweleza. Baba alikuwa na ng'ombe, na kila mke alikuwa na ng'ombe wa nyumba yake. Lakini hakuna nyumba iliyolaza ng'ombe wake yenyewe. Ng'ombe wetu wa Kitahana walilala Busunzu. Wa Busunzu walilala Kasulu. Wa Kasulu walilala kwetu. Maziwa alikunywa aliyechunga, ndama alikuwa wa nyumba yenye ng'ombe. Kwetu Buha, nchi ya Waha, kumpa mtu ng'ombe namna hiyo tunaita kugabira. Si kuuza, si kukopesha. Ni kumfunga mtu kwako, na wewe kufungika kwake. Zamani watawala wetu waliwagabira watu wao, na baba, ambaye hakuwa mtawala wa mtu yeyote nje ya mlango wake, akafanya hivyo kwa wake zake.

Nilipokuwa mdogo jambo hili lilinikera. Niliona ng'ombe wa watu wanajaa zizini kwetu, na wetu wananenepesha watoto wa Busunzu. Nilimuuliza baba sababu. Alikuwa anachonga mpini wa jembe, akanijibu bila kuinua kichwa, "Mkigombana, nani atamkamulia mwenzake?"

Sitawapamba mama zangu. Hawakupendana. Mama yangu alimwona mama mdogo wa Busunzu ana maringo, na mama mdogo wa Busunzu alimwona mama yangu ana mdomo mrefu, na wote wawili walisema yule wa Kasulu ni mvivu wa jembe kwa sababu alipenda kuuza vitu sokoni kambini. Lakini ng'ombe wetu akiugua Busunzu, mama alijifunga kitenge akaenda. Alipiga makofi ya salamu mlangoni, "Mwakeye," akajibiwa, akaingia. Walishinda pamoja wakimhangaikia mnyama na kusengenya watu wengine. Aliporudi alikuwa ameshiba ugali wa mwenzake, na alikuwa na habari za kila mtoto wa kule: nani kaota meno, nani kafaulu, nani anaharibika. Hivyo ndivyo sisi watoto tulivyojuana. Mpaka leo najua kovu la kila ndugu yangu limetokana na nini.

Mwalimu wa Tanga alisikiliza mpaka kengele ikagonga. Akasema ni mpango mzuri, na kwamba ataupima baba atakapofumba macho. Kisha akajiuma mdomo, akaniomba radhi.

Macho yalifumba wakati wa mvua kubwa, mwaka uliofuata. Baba aliugua muda mfupi tu, akafia Kitahana, kitandani kwa mama. Walimu wenzangu walikuja kuzika, na yule wa Tanga akiwa mbele, suruali imejaa tope mpaka magotini. Siku hizi tuna lami kati ya Kasulu na Kibondo, na tunaringa nayo, lakini lami haifiki nyumbani kwetu. Alibeba jeneza zamu mbili.

Siku ya kuondoa matanga, ukoo ulikaa uani Kitahana. Baba mdogo, yaani mdogo wake baba, ndiye aliyeongoza kikao. Mtoto wa kiume wa kwanza wa baba ni yule wa Busunzu, kwa kuwa mama yangu alianza na sisi wasichana. Ni mdogo wangu kwa miaka michache, ana duka la vifaa vya ujenzi Kibondo mjini, anavaa saa kubwa, na ana akili ya haraka. Alisimama akasema anachotaka: kila nyumba ichukue ng'ombe wake, iwalaze kwake, na mambo ya kuzungushana yaishe.

Nikiri kwamba aliongea vizuri. Alisema baba alikuwa mtu wa kipekee na aliweza kushika kamba tatu kwa mkono mmoja, sisi hatuwezi. Alisema afadhali tuachane tukiwa tunachekeana kuliko kungoja watoto wetu waje washikiane mapanga zizini. Watu walitikisa vichwa kukubali. Nilimwona hata yule wa Tanga, aliyekuwa amekaa na wageni, anatazama chini. Hakufurahi. Aliona anayoyajua yanatokea, na alikuwa ananihurumia, na huruma yake ilinichoma zaidi.

Mama aliketi kwenye mkeka na wajane wenzake. Asubuhi ile aliniambia neno moja tu wakati tunaosha vyombo: "Wakishagawana, nani atakanyaga hapa tena?" Hakuwa analilia maziwa. Zizi letu lilikuwa la ng'ombe wa Kasulu, na kwa ajili yao watu wa Kasulu walikuja. Wakiondoka wale, angebaki na kaburi na kuta.

Basi nikasimama. Kwetu mtoto wa kike hasemi sana kwenye kikao cha urithi, ila mimi ni mwalimu, na walimu tumezoea kusema watu wakiwa hawataki kusikiliza. Nilikuwa na hoja nzuri, ila niliianzia mbali. Nilianza na Denmark.

Nilieleza habari za yule mfalme, na bahari, na wale wana. Nilifika kwenye Norway nikaona shangazi mmoja anasinzia. Baba mdogo alinyoosha mkono kwa adabu.

"Mwalimu, mwanangu," akasema, "hiyo Denmark iko upande gani wa Kasulu?"

Walicheka, na msibani kicheko kikishapatikana hakiachwi kipite. Nilikaa chini. Nilikuwa nimeshindwa, na ikapitishwa kwamba ng'ombe watarudi kila mmoja kwao.

Sasa ipo desturi moja ambayo hakuna aliyeitaja kikaoni, kwa kuwa hakuna aliyedhani inahitaji kutajwa. Ukimchukua ng'ombe wako kutoka kwa mtu aliyemtunza, huwezi kumwachia zizi tupu. Unamwachia mtamba, jike changa ambaye hajazaa. Na huyo mtamba si mshahara. Aliyeachiwa hamuuzi wala hamchinji bila wewe kujua, na ndama wake wa kwanza anakurudia. Ni kugabira tena.

Mdogo wangu alitaka kuonyesha mfano, kwa hiyo tulianza na ng'ombe wa Busunzu waliokuwa Kasulu. Nilikwenda, kwa sababu naishi karibu, na pia nilitaka kuona uchungu wote kwa macho yangu. Mama mdogo wa Kasulu alikuwa amepika pombe ya ndizi, na majirani walijaa kwenye ua. Hapa ieleweke kwamba Kasulu ni Heru, na Kibondo ni Muhambwe, falme mbili za Buha, na tangu enzi za watawala wa zamani watu wa Heru wanapenda kusema kwamba watu wa Muhambwe ni wagumu wa mkono. Ni utani tu, lakini utani wenyewe una meno. Mdogo wangu alisimama mbele ya ng'ombe wake ili achague mtamba wa kuacha. Mzee mmoja wa pale akasema kwa sauti ya kutosha, "Tuone Muhambwe inaacha nini. Naona yule mwenye mbavu nje anajiandaa."

Mdogo wangu alimtazama yule mzee. Akatazama saa yake, sijui kwa nini. Kisha akanyoosha mkono akamwonyesha mtamba mwekundu, mnene, mwenye pembe zinazopinda vizuri, ndiye bora kuliko wote. "Huyo," akasema. Wanawake walipiga vigelegele. Nilijikuta nimepiga na mimi, kwa nguvu, wakati nilikwenda pale nikiwa nimemnunia.

Wiki hiyo hiyo ndugu yetu wa Kasulu alikuja Kitahana kuchukua ng'ombe wao. Habari za mtamba mwekundu zilikuwa zimemtangulia. Angefanya nini? Aliacha mtamba aliyekuwa anamwita kwa jina tangu akiwa ndama, akamkabidhi mama kamba, akageuka haraka. Nilimwona akifuta macho kwa mkono wa shati.

Ikabaki zamu yetu, Busunzu, ambako ng'ombe wetu walikuwa kwa mama mdogo. Mama alisema atakwenda mwenyewe. Nilimkodia bodaboda, akapanda kwa mbwembwe, upande upande, kama bibi harusi. Tulipofika nilimvuta pembeni nikamnong'oneza kwamba kuna mtamba mmoja wa wastani, hana ubaya, aachwe huyo. Sisi ndio tulikuwa na ng'ombe wachache kuliko wote.

Mama alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Unataka nichekwe Busunzu? Baada ya miaka yote hii?"

Akaenda moja kwa moja kwa yule mweusi mwenye doa jeupe usoni. Alikuwa anamjua kwa kuja kumtibu, alikuwa amekesha naye alipozaliwa akitanguliza miguu ya nyuma. Alimpapasa shingo, akamwita mama mdogo kwa jina la utani la ujana wao, ambalo sikuwahi kulisikia, akasema, "Huyu ni wako. Ukimkondesha nitakuja."

"Njoo tu," mama mdogo akasema. "Nani amekuzuia?"

Tulikula pale wali na kuku. Baba mdogo alikuwepo kama msimamizi. Baada ya kunawa mikono nikaona vidole vyake vinatembea juu ya goti, kimoja baada ya kingine. Kisha akamuuliza mdogo wangu, "Mtamba wenu bora yuko wapi?"

"Kasulu."

"Na wa Kasulu?"

"Kitahana."

"Na wa Kitahana?"

Mdogo wangu aligeuza macho. Yule mweusi alikuwa amesimama mbele yake, anatafuna.

"Sasa tumegawa nini?" baba mdogo akauliza. Aliuliza kweli, hakuwa anafanya mzaha.

Mdogo wangu ana akili ya haraka, nilishasema. Alisimama papo hapo akasema basi desturi hii iachwe, kila mtamba arudi, kazi iishe mara moja. Nilianza kuinuka ili nimjibu. Sikuhitajika. Mama yake mzazi alikuwa ameshainuka kutoka kwenye mkeka.

"Nimefuga ng'ombe wa Kitahana tangu wewe uko mgongoni," akamwambia mwanawe. "Unataka waondoke na zizi langu libaki limefagiliwa? Mimi nilikuwa mpangaji hapa? Huyu mtamba nimepewa na mwenzangu. Mguse uone."

Hakumgusa. Alikaa chini, akavua ile saa akaivaa tena, halafu akaanza kucheka, kidogo kidogo, mpaka akashika tumbo. Alicheka kicheko cha baba. Mama zangu wawili walitazamana, na hapo ndipo walipolia, wote pamoja, kilio ambacho hawakukilia siku ya mazishi.

Sijui kama mama alipiga hesabu alipomchagua yule mweusi. Nadhani hakupiga. Nadhani alijivuna tu, kama mdogo wangu alivyojivuna Kasulu, kama baba alivyojivuna kwenye benchi la mbele. Sisi tuna aibu ya kutoa kibovu mbele za watu, na mimi siionei haya aibu hiyo. Ndiyo iliyotuokoa.

Niliporudi ofisini nilimsimulia mwalimu wa Tanga, na safari hii nilikuwa na jibu langu la mfalme. Nilimwambia kosa halikuwa mama wawili, wala bahari. Yule bwana alifunga kila kamba kwenye nguzo moja, yeye mwenyewe. Watu wa Denmark walifungwa kwake, Waingereza wakafungwa kwake, lakini hakuna aliyefungwa kwa mwenzake. Norway alipeleka mke wake wa kwanza na mtoto wawatoze watu kodi, na watu wakawafukuza. Alipeleka wa kuchukua. Hakuna mtu wa Denmark aliyeamka asubuhi akihangaikia afya ya kitu chake kizuri kinacholishwa na mtu wa Norway. Wangekuwa na kitu kama hicho, hata wana wangekufa, wajane wangetembeleana.

"Kwa hiyo ungeweza kudumu," akasema.

"Ungeweza. Walikosa ng'ombe tu."

Alimenya muhogo wake taratibu. Alisema hoja bado ina matobo, na akayataja, na mawili kati ya hayo sikuweza kuyaziba. Lakini hakucheka.

Mwaka jana alipata uhamisho kurudi Tanga, karibu na mama yake anayezeeka. Mtamba mwekundu wa Kasulu alikuwa ameshazaa jike, na ndama huyo wa kwanza, kwa desturi, alikuwa wa mdogo wangu. Alikuja mwenyewe kumuaga mwalimu, maana hakusahau mgeni aliyebeba jeneza la baba zamu mbili, na akamwambia ndama yule ni wake.

Mwalimu alimshika mkono kwa mikono yote miwili. Akasema, "Kaka, ahsante sana, lakini nitamfikishaje Tanga?"

"Nani amesema umfikishe?" mdogo wangu akajibu. "Atalala Kitahana, kwa mama mkubwa."

Juzi nilikuwa Kitahana, uani kwa mama. Ilikuwa Jumamosi na watu walikuwa wamejaa: ndugu yetu wa Kasulu alikuja kumwona mtamba wake, mama mdogo wa Busunzu alikuja kulalamika tu. Simu yangu ikalia. Ni yule mwalimu, na hata salamu hakutoa. Aliuliza kama ng'ombe wake ameshapandwa. Nikamwambia tayari. Kisha akauliza likizo ya Juni barabara ya kwetu inakuwaje.

Nilipokata simu mama aliuliza alikuwa nani. Nikamwambia ni yule mwalimu wa Tanga.

"Ah, wa nyumba ya nne," mama akasema, na akaendelea kupepeta maharage.